Ushuru unaotoza hata hasara

Daftari liko mezani kwangu tangu Jumatatu na ofisi nzima inanuka dagaa. Ni la mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mteja wangu wa miaka mingi. Kushoto ameandika manunuzi, kulia mauzo, na kila mwezi kuna siku kadhaa tupu alizoziandikia maneno mawili tu: "mwezi mkubwa". Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni. Ushuru haulali.

Mimi ni mhasibu wa kodi, nakula kwa kodi, hivyo msinielewe vibaya. Ninachokipinga ni kutoza mauzo badala ya faida. Mfanyabiashara mdogo, yule ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, kodi yake ya mapato hupangwa kwa kuangalia mauzo. Juu ya hapo kuna ushuru wa huduma wa halmashauri, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Nilipokuwa chuoni niliiona kama chenji.

Tupige hesabu ya mfano. Dagaa ni biashara ya mzunguko, faida kiduchu kwa gunia. Mwenye mauzo ya milioni 80 anayebaki na shilingi 4 katika kila 100 anapata faida ya milioni 3.2. Kwa kiwango hicho cha asilimia 0.3, ushuru wake wa huduma ni 240,000, yaani asilimia 7.5 ya faida yote, kabla hajagusa kodi ya mapato wala leseni. Jirani yake mwenye mauzo hayo hayo, lakini anayebakiza 40 katika kila 100, analipa 240,000 hiyo hiyo na kwake haifiki hata asilimia moja ya faida. Sasa mvua inyeshe wiki nzima, dagaa waharibike kwenye vichanja, auze kwa bei ya chakula cha kuku. Faida hakuna, mauzo yapo.

"Mhasibu, kwa hiyo wananitoza hata hasara?"

Ndiyo, mama. Inatoka kwenye mtaji.

Na watu hawakai tu wakisubiri kutozwa. Julai 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu, hadi 10,000 kwa muamala mmoja, wateja wangu walirudia kubeba noti kwenye mifuko ya rambo na kumkabidhi kondakta wa basi. Septemba mwaka ule ule serikali yenyewe ikapunguza tozo kwa asilimia 30.

Najua nitakachojibiwa: kodi ndiyo inayojenga daraja. Sawa, nalipenda daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria. Nimewahi kukaa foleni ya kivuko pale nikamaliza gazeti, matangazo ya vifo pamoja nayo. Tangu lifunguliwe Juni 2025 ni dakika chache tu. Lakini daraja linaonekana, lina utepe wa kukata. Ambacho hakikununuliwa na aliyetozwa hakina utepe, na hakuna ripoti ya ukaguzi itakayokihesabu.

Kwenye daftari hili ukurasa wa Machi umeandikwa "vichanja vya waya, 10". Umepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na chini yake, kwa mwandiko mdogo: "ushuru kwanza". Dagaa wa mwaka huu ameanika mchangani.