Matege hayaletwi na kubebwa mgongoni
Kwenye magrupu ya wazazi hapa Kisumu, ujumbe ule ule hurudi: kumbeba mtoto mgongoni humpa matege, na dawa ni kumfunga miguu kwa leso usiku. Si kweli. Watoto wengi huzaliwa na miguu iliyopinda, nayo hunyooka yenyewe wakikaribia miaka 2. Leso husifiwa bure.

Mpige picha akiwa amesimama, kila miezi michache, ulinganishe. Matege yakizidi baada ya miaka 2, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, mpeleke kliniki. Wachache huhitaji upasuaji: kibati kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye mfupa huzuia upande wake mmoja kukua, ule mwingine ukiendelea hadi mguu unyooke. Hufaa tu mtoto angali anakua, na leso humpotezea miaka hiyo. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo.