Utafiti wa maoni si kura ya maoni

Mwaka 2024, siku chache kabla ya Wamarekani kwenda vituoni, nilimsikia mtangazaji akisema Kamala Harris "ameshinda kura ya maoni". Trump alipotangazwa mshindi, jirani yangu, mzee asiyekosa taarifa ya habari ya jioni, aliniuliza kwa nini ile kura ya kwanza imefutwa. Hakukosea kuuliza hivyo. Neno ndilo lililompotosha.

Kilichokuwa kinasemwa ni utafiti wa maoni. Watu wachache, mara nyingi elfu moja hivi, huchaguliwa kwa bahati nasibu wakaulizwa wanamtaka nani, na majibu yao yakatumika kukadiria mawazo ya nchi nzima. Hapo hakuna sanduku wala mshindi.

"Kura ya maoni" ni jina lenye mwenyewe. Wakenya walipiga kura ya maoni Agosti 2010 wakapata katiba mpya, na siku chache kabla yao, Julai 31, Wazanzibari walipiga ya kwao kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Hizo ni kura, na matokeo yake yaligeuza sheria. Hata kura za maoni ndani ya CCM, chama tawala cha Tanzania, ambazo ni mchujo wa wagombea, zina anayepita na anayeachwa. Marekani kama taifa haijawahi kupiga kura ya maoni hata mara moja, maana katiba yao haina utaratibu huo. Yapo majimbo, California likiwa mojawapo, yanayowauliza wananchi wao kwa kura. Basi mtu akisema "kura ya maoni ya Marekani", msikilizaji afikirie nini?

Neno kura lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuchagua kwa bahati, kama tunavyopiga kura hadi leo nani aanze kucheza. Kwa maana hiyo ya zamani, utafiti wa maoni una kura ndani yake, ila mwananchi haipigi: inamwangukia. Anayeulizwa ni yule aliyeangukiwa. Namna ya kuwapata wa kuulizwa ikiharibika, wingi wao hauokoi kitu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon, mgombea wa chama cha Republican, atamshinda Rais Roosevelt. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na wengi waliotumiwa kadi hawakujibu. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao lakini wa matabaka mbalimbali, alimtaja mshindi.

Na maoni yenyewe hayajalala ghalani yakingoja kuhesabiwa. Mtu huyapata nyumbani, kanisani, chamani, kwenye televisheni, na mengine huyaunda palepale anapoulizwa. Watafiti wa Marekani wamejaribu hili mara nyingi: ukiuliza kama serikali inatumia fedha kidogo mno kuwasaidia maskini, wengi hukubali, ukilitaja jambo hilohilo kwa jina la welfare, neno la Kiingereza la misaada ya serikali kwa maskini lililochafuliwa na siasa, wanaokubali hupungua sana.

Ndiyo maana tarakimu zinataka uangalifu. Kwa watu elfu moja, asilimia ya kila mgombea inaweza kuwa juu au chini ya ukweli kwa pointi 3 hivi. Mmoja akiwa na 48 na mwenzake 46, huwezi kusema nani yuko mbele.

Kwa hiyo, ndugu watangazaji, semeni "utafiti wa maoni unaonyesha", kisha mtutajie waliulizwa wangapi, lini, na kwa swali lipi. "Ameshinda" lisubiri sanduku.