Hysteria ya Def Leppard: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukigusa tu habari za Hysteria, ile albamu ya 1987 ya Def Leppard, bendi ya rock ya Uingereza, hazipiti dakika mbili ashatokea mtu anakwambia eti jamaa walichelewa miaka yote ile kwa sababu mpiga dramu wao alikatika mkono, basi. Sio hivyo. Rick Allen alipata ajali tarehe 31 Desemba 1984, Corvette yake ikatoka barabarani karibu na kwao Sheffield, madaktari wakaurudishia mkono wa kushoto, ukaingia maambukizi wakautoa tena. Lakini kufikia siku hiyo albamu ilikuwa ishakwama kitambo! Prodyuza Mutt Lange, aliyewatengenezea Pyromania, albamu yao iliyotangulia, alishajitoa mwaka huohuo, kachoka hoi. Wakamleta Jim Steinman, yule mtunzi wa nyimbo za mwimbaji Meat Loaf, na hapo ndo ilikuwa mafuta na maji, yeye anataka bendi ipige ichukuliwe ilivyo, wao wanataka kitu kisuguliwe mpaka king'ae, mwisho wakamlipa chake akaondoka na kazi yote ya kipindi chake ikatupwa. Wakajaribu wenyewe na fundi mitambo Nigel Green, wapi. Mambo yalikuja kunyooka Lange aliporudi.

Tena kwa Lange dramu zilikuwa zinawekwa mwishoni. Magitaa na sauti vinarekodiwa juu ya mdundo wa mashine, alafu dramu zenyewe zinapangwa baadaye kwenye kompyuta ya Fairlight, pigo kwa pigo. Pyromania ilifanywa hivyohivyo, Rick akiwa na mikono yote miwili. Kwahiyo wale wanaosema dramu za Hysteria ni za mashine kwa sababu jamaa ana mkono mmoja wamechanganya madesa, zingekuwa za mashine tu hata asingepata ajali.

Ila inayoniudhi kweli ni ile ya "hata jukwaani kuna mashine inampigia". Jamani hapana. Alitengenezewa seti ya dramu za umeme za Simmons yenye pedali za ziada upande wa mguu wa kushoto, kazi ya mkono uliokosekana ikahamia mguuni. Yaani kuna pedali ya kick (lile dramu kubwa la chini), kuna pedali ya snea (dramu dogo lenye mlio mkali), anakanyaga kama mtu anayeendesha gari lenye klachi mbili. Agosti 1986 walienda kufanya shoo ndogondogo Ireland, wakamkodi Jeff Rich, mpiga dramu wa bendi ya Status Quo, akae pembeni apige naye kama tahadhari. Siku moja Jeff akachelewa kufika, Rick akaanza shoo peke yake na mambo yakaenda vizuri tu, baada ya hapo hakuhitajika msaidizi tena. Tarehe 16 mwezi huohuo akapanda jukwaa la tamasha la Donington, Uingereza, mwenyewe, mbele ya umati wa maelfu.

Kuna na hawa wanaodhani ule ukubwa wa magitaa umetoka kwenye rundo la maspika marefu kama kabati, si ni glam metal bwana, rock nzito ya mbwembwe. Kumbe sehemu kubwa imepita kwenye Rockman, kidude cha Tom Scholz wa bendi ya Boston, kadogo kama redio kaseti ya kuning'iniza kiunoni, kilichotengenezwa mtu apigie gitaa kwa hedifoni bila kusumbua majirani. Na kuna sehemu kodi moja (yaani noti kadhaa zinazolia pamoja) haikupigwa mara moja, walirekodi noti mojamoja, alafu zote zikapangwa juu ya mwenzake zikatoka kodi safi isiyo na mikwaruzo. Chukua hedifoni usikilize wimbo wenyewe wa Hysteria, gitaa la Steve Clark na la Phil Collen zinasukana kama mkeka, huoni pa kushika uanze kuufumua. Na kwenye wimbo wa Rocket kuna la kwetu, ule mdundo wa dramu umetokana na ngoma za Burundi.

Eti Pour Some Sugar on Me ndo wimbo waliojenga albamu juu yake. Wapi, huo ulikuja wa mwisho kabisa, albamu inakaribia kufungwa. Mwimbaji wao Joe Elliott alikuwa mapumzikoni anachezea gitaa kavu, Lange akasikia kipande akasema hiki ndo kinachokosekana, ukakamilika ndani ya kama wiki mbili tu. Wakati wimbo wa Animal umewatesa karibu miaka mitatu!

Na ile eti albamu ililipuka siku ya kwanza? Uingereza sawa, ilitoka tarehe 3 Agosti 1987 ikashika namba moja. Marekani walianza na singo ya Women, ikasuasua, na gharama zilikuwa zimefika mahali ambapo ilibidi ziuzwe nakala kama milioni 5 ndo hela irudi, hebu fikiria presha yake. Ni Sugar ndo iliyowavuta, albamu ikafika namba moja kwenye Billboard, chati ya Marekani, Julai 1988, karibu mwaka mzima baadaye.

Jina la albamu nalo, wengi wanadhani limetokana na ule wimbo wa mapenzi wa Hysteria. Aliyelitoa ni Rick Allen, akikumbuka kelele za magazeti baada ya ajali yake.