Kaskazini siyo kivuli: mlima na mimea hapa Uganda

"Upande wa kaskazini ni wa kivuli, wa kusini ndo wa jua." Hii naisikia sana kwa vijana wanaoangalia video za kilimo za nje. Ni kweli, ila kweli ya Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Hapa ikweta inapita kwetu, mwezi wa 6 jua la saa sita linaegemea kaskazini, mwezi wa 12 linaegemea kusini, pande zote zinapata zamu yake na ukijumlisha mwaka tofauti ni ndogo.

Cha kuuliza ni mvua inanyesha upande gani. Mlima Elgon, miteremko ya magharibi na kusini inanyeshewa sana, ndo kule kwa kahawa na migomba ya Wagisu, ukizunguka kaskazini pakavu zaidi. Na wanaodhani ukikaa chini ya mlima wa mvua basi na wewe unanyeshewa, waende Kasese: Rwenzori ile pale juu na barafu yake, huku chini nyasi na miti ya miiba.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hii ya "shamba ni moja, udongo ni mmoja." Hapana jamani! Mgongoni mwa kilima udongo ni mwembamba, chini ndo unakorundikana na unyevu wake, bondeni kabisa mafunjo. Kule Kabale hata ndani ya tuta moja la ngazi utaona, maharage ya sehemu ya juu mafupi ya njano, ya chini karibu na ukingo yamekolea, kwa sababu kila jembe likishuka linavuta udongo chini kidogo, miaka na miaka. Sasa mtu ana samadi kidogo anaimwaga sawasawa kote, wakati sehemu ya juu ndo ina njaa. Wengine wanakata ukingo wapate ule udongo mzuri, halafu mvua ikija tuta linaondoka.

Kuna na hii: "pale palipobonyea kwenye mteremko, penye kijani mwaka mzima, ndo pa kujenga." Kijani kile ni maji, yanakusanyika hapo kutoka pande zote, na udongo ukishiba sehemu kama hizo ndo huwa zinaachia na kuporomoka. Bududa, kule miteremko ya Elgon, mwezi wa 3 mwaka 2010 mlima uliporomoka ukafunika kijiji kizima cha Nametsi. Pale panda miti, nyumba weka mbali.