Kila picha na watu wake: kuchagua huduma ya kuweka na kushirikisha picha mtandaoni

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza adhabu mbili zilizotokana na picha. Shule ya Roma iliyoko Uthiru ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja wake kwenye mitandao ya kijamii bila ridhaa yake. Hakuna mdukuzi aliyehusika katika visa hivyo. Picha hazikuibwa, zilioneshwa kwa watu ambao hazikuwa zao.

Ninayaeleza haya kwa sababu katika mafunzo ya ulinzi wa taarifa ambayo taasisi yetu huyatoa kwa umma, wengi huuliza: programu ipi ni salama kwa picha zangu? Swali hilo halina jibu mpaka tujue picha zenyewe ni zipi na nani anapaswa kuziona. Mama mmoja anaweza kuwa na picha za keki anazouza, ambazo angependa mji mzima uzione. Ana picha za mtoto mchanga, ambazo ni za bibi yake mtoto aliyeko Tanga na shangazi yake aliyeko Muscat tu. Ana picha za kicheni pati, ambazo kila aliyekuwepo anajua hazitakiwi kutoka nje ya ukumbi. Ana pia picha ya kitambulisho cha taifa aliyoipiga siku fulani alipohitaji kuituma mahali. Zote zimo katika simu moja. Huduma yenye swichi moja tu, ya kufungua vyote au kufunga vyote, haimfai mama huyu, hata kama kampuni inayoitoa ni kubwa na maarufu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutazama ni hiki: je, ninaweza kuipa kila picha, au walau kila albamu, watazamaji wake? Na nikibadili mawazo kesho, naweza kuwaondoa?

Instagram ina jibu jembamba. Akaunti ni ya wazi au ni ya faragha. Ukiifunga kwa ajili ya mtoto, keki nazo zinafungiwa humo humo. Orodha ya Marafiki wa Karibu, iliyoanza mwaka 2018, inasaidia kidogo, ila ni orodha moja tu, na mama mkwe anaingia humo pamoja na rafiki wa shule. Facebook ni pana zaidi: kila chapisho unaweza kulielekeza kwa umma, kwa marafiki, kwa marafiki isipokuwa fulani na fulani, kwa watu uliowataja, au kwako peke yako. Lakini chaguo la "marafiki" lina maana tu ikiwa marafiki hao unawafahamu. Mtu aliyekubali maombi ya kila aliyemwomba urafiki kwa miaka kumi hana hadhira ya faragha pale, ana umma wenye jina jingine.

Picha nyingi zetu, hata hivyo, hupita WhatsApp, na hapo pana dhana inayonisumbua sana. Watu wameambiwa kwamba ujumbe umesimbwa, yaani umegeuzwa fumbo lisilosomeka na wengine, tangu simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, na hilo ni kweli. Wanachokosa kuambiwa ni kwamba usimbaji unalinda njia, haulindi kinachotokea baada ya picha kufika. Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024. Ukituma humo picha ya mtoto, kila simu inabaki na nakala yake, na simu nyingi zimewekwa zihifadhi picha zote moja kwa moja kwenye akaunti ya mtandaoni ya mwenye simu. Ndani ya usiku mmoja, picha hiyo inaweza kuwa imelala kwenye hifadhi za watu usiowajua. Kumtumia mtu nakala ni jambo moja, kumruhusu atazame picha iliyobaki kwako ni jambo jingine. Nakala ikishatoka hairudi. Ruhusa unaweza kuiondoa. Kweli, aliyeruhusiwa kutazama anaweza kupiga picha ya skrini, na hakuna huduma inayoweza kumzuia mtu aliyedhamiria. Lakini wengi wanaosambaza picha za wenzao si wabaya. Wanabonyeza tu kwa sababu ni rahisi kubonyeza. Ukiwanyima wepesi huo, umeziba tundu kubwa.

Zipo huduma zilizojengwa kwa ajili ya albamu tangu mwanzo. Flickr, iliyoanzia Vancouver nchini Kanada mwaka 2004, kwa maoni yangu bado ndiyo inayoonesha vizuri zaidi faragha inayonyumbulika ni kitu gani. Kila picha, peke yake, unaweza kuifanya ya umma, ya familia, ya marafiki, ya familia na marafiki kwa pamoja, au yako mwenyewe. Unaweza kumpa mgeni asiye na akaunti pasi ya kutazama picha zilizofungwa. Unaweza kuweka mpaka kwenye ramani, tuseme kuzunguka nyumbani, ili mahali zilipopigwa picha za eneo hilo paonekane na uliowachagua tu. Tatizo ni bei. Akaunti ya bure ina ukomo wa picha na video 1,000, na kati ya hizo zisizo za umma haziruhusiwi kuzidi 50. Maana yake, anayetaka faragha ndiye anayelipa. Mtu anayetaka kuhifadhi picha za familia bila kulipa, hapo hapamfai.

Google Photos wengi tunayo tayari, kwani huja na simu nyingi za Android. Nafasi ya bure ni GB 15, inayogawanywa na barua pepe za Gmail na mafaili ya Drive. Albamu unaweza kuifungulia watu kwa akaunti zao au kwa kiungo, yaani anwani ya mtandaoni ya kubonyeza. Ina pia njia ya wenza kushirikishana picha moja kwa moja bila kuchagua moja moja. Wanandoa wanaipenda, nami siikatazi, lakini soma vizuri kabla ya kukubali: unaweza kujikuta umempa mwenzako kila picha unayopiga, ikiwemo ya hati za ofisini na ya mgonjwa uliyekwenda kumtazama. Ipo nafasi ya kuanzia tarehe fulani tu, au kuhusisha sura za watu fulani tu. Kwa wenye iPhone, albamu za pamoja za iCloud hupokea hadi watu 100. Humo mna swichi ya kuifanya albamu kuwa tovuti ya umma, na swichi hiyo ikiwashwa, yeyote mwenye anwani anaingia.

Hapo kwenye kiungo ndipo ninapoomba msomaji atulie nami. Kiungo kinapendwa kwa sababu nzuri: bibi wa Tanga hana haja ya kufungua akaunti wala kukumbuka nywila, anabonyeza na picha zinafunguka. Ila katika huduma nyingi kiungo hakijui kimeshikwa na nani. Ni ufunguo ambao kila anayeupokea anaweza kuuchonga mwingine akampa jirani. Bibi akikipeleka kiungo kwenye kundi la kanisa kwa furaha ya mjukuu, kundi zima limeingia, na wewe hutapata taarifa yoyote. Kwa hiyo angalia kama huduma inakuruhusu kukizima kiungo wakati wowote, kukiwekea nywila, na kukipa siku ya kuisha. Dropbox, kwa mfano, hutoa nywila na tarehe ya kuisha kwa wanaolipia. SmugMug, ambayo haina akaunti ya kudumu ya bure lakini inatumiwa na wapiga picha wa kazi, inaruhusu kila galari iwe ya wazi, iwe imefichwa isipokuwa kwa mwenye kiungo, au ifungwe kabisa, na nywila juu yake. Mpiga picha wa harusi anayechukua pesa za maharusi ana wajibu wa kuwapa kitu cha namna hiyo. Kuwarushia picha 800 kwenye ukurasa wake wa Instagram kabla wenyewe hawajaziona ni kuwakosea heshima, na kisheria anaweza kuulizwa.

Kuna yasiyoonekana kwa macho. Kamera ya simu, ikiruhusiwa, huandika ndani ya faili saa, aina ya simu, na vipimo vya ramani vya mahali ulipopigia. Desemba 2012 John McAfee, aliyeanzisha kampuni ya programu za kuzuia virusi, alikuwa akijificha baada ya kutoka Belize. Tovuti ya Vice ilichapisha picha yake iliyopigwa kwa simu, na vipimo vilivyobaki ndani ya faili vikaonesha kwamba yuko Guatemala. Kwa mzazi wa kawaida, hatari ni picha ya mtoto mlangoni kwa nyumba yake, yenye mahali kamili ndani yake. WhatsApp huziondoa taarifa hizo picha inapotumwa kama picha, lakini ukiituma kama hati ili isipungue ubora, zinakwenda nayo. Google Photos ina chaguo la kuonesha au kuficha mahali unaposhirikisha albamu. Dawa iliyo bora ni kuizuia kamera isitumie mahali, kwenye mipangilio ya simu yenyewe.

Kisha kuna kampuni. Unapofunga albamu unawazuia watu wengine. Kampuni yenye mitambo inabaki ndani. Mwaka 2019 ilibainika kwamba IBM ilikuwa imekusanya takriban picha milioni moja za Flickr kwa ajili ya utafiti wa mifumo ya kutambua sura. Zilikuwa picha za wazi, zilizowekwa na wenyewe chini ya leseni zinazoruhusu wengine kuzitumia, lakini wengi waliomo ndani yake hawakujua lolote. Leseni nayo ni sehemu ya faragha. Ukiulizwa wakati wa kupakia, chagua ile inayohifadhi haki zote. Januari 2021, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza mapatano na Everalbum, mmiliki wa programu ya kuhifadhi picha iliyoitwa Ever. Tume ilidai kampuni hiyo iliwapotosha watumiaji kuhusu utambuzi wa sura na ilibaki na picha za watu waliokuwa wamefunga akaunti zao. Iliamriwa kufuta picha hizo pamoja na mifumo iliyofunzwa kwazo. Anayetaka kampuni yenyewe isiweze kuona atafute huduma inayosimba picha kabla hazijatoka kwenye simu, kama Ente, au awashe ulinzi wa juu wa data wa iCloud, uliokuja Desemba 2022. Gharama yake uijue mapema: ukipoteza nywila na ufunguo wa kurejesha, hakuna ofisi itakayokufungulia.

Huduma pia hubadilika. Google iliachana na Picasa, huduma yake ya picha ya awali, mwaka 2016. Photobucket, huduma nyingine ya kuweka picha, mwaka 2017 iliwataka waliokuwa wakionesha picha zao kwenye tovuti nyingine walipe dola 399 kwa mwaka, na picha nyingi zikatoweka kwenye kurasa zilizozitegemea. Google Photos yenyewe ilisitisha hifadhi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Mtu asiwe na picha za mazishi ya baba yake mahali pamoja tu. Weka nakala kwenye diski ya nje, na hakikisha huduma inakuruhusu kupakua zote kwa mkupuo.

Waliomo katika picha wana haki pia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti. Shule, madrasa, zahanati na saluni zinazopenda kurusha picha mtandaoni zinapaswa kuwa na ridhaa mkononi kwanza, na ziwe na njia ya kuitoa picha pale mzazi au mteja atakaposema hapana. Mzazi akiombwa kusaini fomu ya jumla mwanzoni mwa mwaka, ana haki ya kuuliza: zitawekwa wapi, nani ataziona, zitakaa kwa muda gani?

Huduma yoyote unayoifikiria, ijaribu kwa picha isiyo na thamani, ya kikombe au ya mti, kabla ya kuikabidhi picha za watu. Tengeneza albamu, mruhusu ndugu mmoja, kisha fungua anwani ya albamu hiyo kwenye dirisha fiche la kivinjari ambako hujaingia kwenye akaunti, uone asiyekujua anaona nini. Muondoe ndugu huyo, umwombe ajaribu tena. Zima kiungo, kifungue kwa simu nyingine. Futa picha, angalia inakaa muda gani kwenye pipa la taka. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na uthibitisho wa pili. Kazi hiyo yote haimalizi jioni moja, na ikiwa kiungo ulichokizima bado kinafunguka kesho yake, usipakie hapo picha ya mtu yeyote.