Anwani ya IP na Ruta Yako: Kinachopaswa Kulindwa

Katika kazi yangu ya ufundi wa mitandao hapa Lubumbashi, swali ninaloulizwa zaidi na wenye maduka, wakuu wa shule na hata vijana wa Kamalondo ni namna ya kuificha anwani ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho wako kwenye intaneti, ili mtu mwingine asiijue. Mara nyingi swali hilo huja na hofu, baada ya mtu asiyejulikana kumwandikia muulizaji kwenye simu kwamba anayo IP yake na atamwonyesha. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo: anwani hiyo si siri, kwa sababu kila tovuti unayoifungua ni lazima iione anwani ya kukurudishia ukurasa uliouomba. Kinachostahili kulindwa ni vyombo vinavyoitika pale mtu wa nje anapobisha kwenye anwani hiyo, na huko ndiko wengi wetu hatuangalii.

Mfumo wa anwani za IP uitwao IPv4, ambao bado unabeba sehemu kubwa ya mawasiliano yetu, uliandikwa rasmi mwezi wa Septemba 1981. Anwani yake ni namba ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, inayoandikwa kwa mafungu manne yenye nukta katikati, kila fungu likianzia 0 na kuishia 255, na hesabu hiyo inatoa anwani 4,294,967,296 kwa dunia nzima. Hazikutosha. Mafungu ya mwisho ya ghala kuu la dunia yaligawiwa Februari 2011, na AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalosimamia anwani za Afrika, limekuwa likizitoa kwa kubania tangu mwaka 2017.

Ndiyo maana anwani moja hutumiwa na watu wengi. Parsele ya Katuba yenye nyumba nne za kupanga ina namba moja tu upande wa barabara, na mlinzi wa getini ndiye anayejua mgeni huyu aelekezwe kwa nani. Ruta yako, yaani kile chombo kinachounganisha nyumba na intaneti, hufanya kazi hiyo hiyo: ndani inagawa anwani zinazoanza na 192.168 au 10, ambazo zilitengwa kwa matumizi ya ndani na ambazo zinajirudia katika mamilioni ya nyumba, kisha kwa nje inaonyesha anwani moja na kuweka kumbukumbu ya nani aliomba nini. Kampuni za simu nazo hurudia utaratibu huo juu yake, nyingine zikitumia fungu la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 lililotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, hivi kwamba simu yako na za wateja wengine usiowajua huonekana mtandaoni kwa anwani moja.

Kwa hiyo anayekutishia kwa namba hiyo hana kitu kikubwa mkononi. Tovuti zinazodai kuonyesha mahali ulipo hutegemea rejista na makisio, na mtu aliyeketi hapa Lubumbashi anaweza kuonyeshwa kuwa yuko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, kwa sababu tu kampuni yake iliandikisha anwani zake huko. Huko Marekani, familia moja ya shambani katika jimbo la Kansas ilisumbuliwa kwa miaka na wapelelezi na watu wenye hasira, kwa kuwa hifadhidata moja ilikuwa ikiweka katika eneo lao kila anwani ya Marekani isiyojulikana ilipo. Lakini usidhani kwamba huonekani kabisa: kampuni inayokuuzia intaneti, ikiwa imehifadhi saa na namba ya poti (mlango wenye namba ambao programu hupitia kuwasiliana) ya kila muunganisho, inaweza kutambua ni mteja gani alikuwa nyuma ya anwani fulani kwa wakati fulani.

Hatari yenyewe haikutafuti wewe kwa jina. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu inayoitwa ZMap, ambayo kwa kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi inaweza kubisha kwenye poti moja ya kila anwani ya IPv4 duniani kwa muda usiofika saa moja. Mtu akiweza kuzijaribu zote, kuificha moja hakuna maana. Mwaka 2016 programu ya Mirai ilitumia njia ya kubahatisha anwani namna hiyo: ilikuwa ikijaribu kuingia katika kamera na ruta kwa orodha fupi ya maneno ya siri yanayotoka kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo vilivyotekwa vilitumiwa kuilemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hata tovuti kubwa nyingi zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua lolote, kwani kamera ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Hapa kwetu ninaliona kosa hilo hasa kwa wenye depo. Mtu amefunga kamera nne, anasafiri kwenda Kasumbalesa kutoa mzigo, anataka kuiona depo yake kwa simu. Fundi anayetaka kumaliza haraka hununua kwa niaba yake anwani ya umma isiyobadilika, anafungua poti kwenye ruta ielekee moja kwa moja kwenye DVR, kile chombo kinachorekodi picha za kamera, na analiacha neno la siri la kiwandani kwa sababu mteja atalisahau jipya. Kuanzia saa hiyo DVR hiyo inaitika kwa dunia yote. Isitoshe, kwa kuwa imeunganishwa kwenye mtandao uleule wa kompyuta ya hesabu, anayeingia kwenye kamera amefika pia jirani na madaftari ya biashara.

Mimi hulikataa agizo la namna hiyo, hata mteja akinuna. Njia ninayoipendelea ni kuweka VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, kwenye ruta yenyewe, WireGuard kwa mfano, ili simu ya mwenye depo iingie kwanza kwa ufunguo wake kisha ndipo ione kamera, na DVR isiitike kwa mtu mwingine yeyote aliye nje. Kamera huziweka kwenye mtandao wake peke yake. UPnP, utaratibu unaokiruhusu chombo cha ndani kujifungulia poti bila kumuuliza mtu, huuzima. Ukurasa wa kuongoza ruta huuzuia usifunguke kutoka nje, kisha ninasasisha programu ya ruta. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Mwaka 2018 ruta za MikroTik, zinazopendwa na watoa huduma wadogo wa Afrika, zilikutwa na kasoro iliyowezesha mtu kusoma maneno ya siri kupitia poti 8291 bila kuingia kihalali. Kampuni ilitoa marekebisho mwezi wa Aprili, lakini miezi kadhaa baadaye maelfu kwa maelfu ya ruta ambazo hazikuwa zimesasishwa zilitekwa.

Unaweza kujichunguza mwenyewe. Linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa ndani ya ruta na ile inayotajwa na tovuti ya kuangalia IP. Zikitofautiana, kuna ruta nyingine ya kampuni mbele yako na si rahisi mtu wa nje akufikie moja kwa moja. Zikilingana, zima wifi ya simu, tumia data ya simu na uiandike anwani hiyo kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingia kwenye ruta au DVR ukijitokeza, umeonekana pia na wengine. Jaribio hilo lifanywe kwa anwani yako tu, kwa kuwa Kanuni ya Kidijitali ya nchi yetu ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kuingia katika mifumo ya wengine bila ruhusa.

Kuhusu VPN zinazotangazwa kwenye simu, ninaona zinauzwa kwa ugonjwa usio wake. Zinasaidia kwenye wifi ya hoteli au uwanja wa ndege, lakini zinahamisha tu macho kutoka kwa mtoa huduma hadi kwa muuzaji wa VPN, na ile uliyoiweka kwenye simu haiilindi DVR ya dukani hata kidogo.

Ofisi yenye anwani yake maalumu ina jambo jingine la kuangalia: sifa ya anwani hiyo. Kompyuta moja yenye virusi ikianza kutuma barua taka, anwani nzima huingia kwenye orodha za watumaji wa barua taka, kama zile za Spamhaus, na barua pepe halali za mkurugenzi zinaanza kukataliwa. Kuzuia poti 25, inayopitishia barua pepe, kwa kompyuta zote za ndani isipokuwa seva ya barua (kompyuta inayoshughulikia barua pepe za ofisi) huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

IPv6, mfumo mpya wa anwani unaofuata IPv4, inabadilisha hesabu. Anwani zake ni za biti 128, hakuna anayeweza kuzijaribu zote moja baada ya nyingine, lakini kila kompyuta na kila printa inaweza kupata anwani ya umma, bila ule ugawaji wa ndani uliokuwa ukizikinga pasipo mtu kukusudia. Kabla ya kuiwasha ofisini, fungua sehemu ya IPv6 ndani ya ruta na uhakikishe kwamba miunganisho inayoanzishwa kutoka nje inakataliwa, kwa sababu kanuni ulizoziandika kwa ajili ya IPv4 mara nyingi hazihusiki na IPv6 na huna budi kuziandika upya.