Je, wajua haibridi ya kuchaji inakula shilingi ngapi kwa kilomita?

Haibridi ya kuchaji ina matumbo mawili: tangi la petroli na betri kubwa inayochajiwa kwa umeme wa nyumbani. Gharama yake inategemea ni tumbo lipi unalishibisha. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kwenye kompyuta za magari yenyewe: barabarani, magari haya yalitoa hewa ukaa takriban mara 3.5 ya kiwango kilichopimwa maabara. Sababu kubwa ni kwamba vipimo vilichukulia kuwa wenye magari watachaji mara kwa mara. Wengi hawachaji.

Tuipigie hesabu Mitsubishi Outlander PHEV ya miaka ya mwanzo (ilianza kuuzwa Japani 2013), iliyonunuliwa imetumika na kuendeshwa Dar es Salaam. Ina injini ya lita 2.0, tangi la lita 45 na betri ya kilowati-saa 12. Kipimo cha Kijapani kiliipa kilomita 60.2 kwa umeme pekee. Kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, AC ikiwa imewashwa, ukipata 35 shukuru.

Gari haliiachi betri iishe kabisa, hivyo kuijaza tena hunywa kama yuniti 10.5 za LUKU (umeme wa kulipia kabla), ukijumlisha na umeme unaopotea njiani kama joto. Kwa bei ya T1 (kundi la wateja wa matumizi ya kawaida), Sh356 kwa yuniti pamoja na kodi, hiyo ni kama Sh3,740, yaani Sh107 kwa kilomita. Betri ikiisha, gari hili zito hupata kama kilomita 12 kwa lita mjini. Tukiweka petroli Sh2,900 (badilisha kwa bei ya mwezi wako inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati), kilomita moja ni Sh242. Anayetoka Kimara kwenda Posta na kurudi, tuseme kilomita 30 kwa siku 26, atatumia kama Sh83,000 za umeme kwa mwezi, au Sh188,000 za petroli asipochaji kabisa.

Sasa mtego. Nyumba iliyo kwenye D1, inayotumia wastani usiozidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh122 tu kwa yuniti pamoja na kodi. Gari peke yake linataka yuniti zaidi ya 230. Utahamishwa T1, na zile yuniti 60 za friji, taa na feni zitapanda kutoka Sh7,300 hadi Sh21,400. Hiyo Sh14,000 ni gharama ya gari, ingawa kwenye risiti ya LUKU huwezi kuiona ikiwa peke yake. Hata hivyo bado unaokoa kama Sh90,000.

Kamba ya kuchajia iliyokuja na gari kutoka Japani iangalie vizuri kabla ya kuichomeka. Kama ni ya volti 100, ukiilazimisha kwa adapta kwenye soketi yetu ya volti 230, kisanduku chake kinaweza kuungua. Tafuta kamba ya volti 230 yenye kichwa cha Type 1 (aina inayoingia kwenye tundu la gari hili), na uiweke amperi 10. Kwa kiwango hicho betri hujaa kwa karibu saa tano. Saa tano ni nyingi kwa soketi kuukuu: skrubu zilizolegea hupata moto, plastiki inageuka kahawia, kisha unasikia harufu. Fundi avute waya wake pekee kutoka kwenye mita, milimita 4 za mraba, wenye breka yake na kinga ya umeme unaovuja. Ekstensheni ya dukani usiitumie kabisa.

Kitufe cha CHARGE kinavutia kuliko kinavyofaa. Kinaiwasha injini ijaze betri, na kuifikisha asilimia 80 humeza karibu lita 3, yaani Sh8,700 kwa umeme ambao LUKU ingekupa kwa Sh3,000. SAVE ndiyo yenye maana: ukielekea Dodoma, ibonyeze ukishashika barabara kuu, uutunze umeme kwa foleni za mwisho wa safari. Safari ndefu hata hivyo ni ya petroli. Betri inabeba kilomita 35 tu kati ya kama 450 za kufika Dodoma.

Gereji, oili ibadilishwe kila mwaka hata kama injini imefanya kazi kidogo. Injini inayowaka dakika tatu na kuzimika haipati joto la kukausha maji na petroli vinavyoingia kwenye oili. Breki pedi hudumu, kwa sababu mota ndizo zinazopunguza mwendo mara nyingi, lakini kwa unyevu wa pwani diski hushika kutu na pini za kalipa hukwama. Zisafishwe na kupakwa grisi. Kuna pia betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa.

Kabla ya kununua, omba gari lichajiwe hadi lijae, uliendeshe taratibu na uhesabu kilomita hadi injini iwake. Likiishia 22, bei ya kilomita kwa umeme itabaki karibu Sh107, maana betri iliyochoka hunywa yuniti chache pia. Tatizo ni kwamba kila jioni utamalizia safari ya kurudi Kimara kwa Sh242.